Jibu kwa mleta mada: mchoraji aliyekwama na safari ya kutafuta ilhamu

Mleta mada ameeleza kwamba anachora kwa mwaka wa sita sasa, kwamba tangu mwaka jana kila picha anayoianza anaiacha njiani, na kwamba amejiwekea shilingi laki sita ambazo anafikiria kuzitumia kwa safari ya wiki mbili akitumaini ilhamu itarudi. Anauliza kama fedha hiyo itakuwa imetumika vyema au imetupwa. Mimi nimewahi kufanya yote mawili, kwa hiyo naomba aniwie radhi nikimjibu kwa kirefu.

Nilijifunza kuchora Dar es Salaam kwa mjomba wangu, aliyefuata mtindo wa Tingatinga tangu ujana wake. Wanaoufahamu mtindo huo wanajua kwamba una utaratibu usiovunjwa ovyo: unatandaza kwanza rangi ya nyuma, unaiacha ikauke, unaweka umbo la mnyama, unaliacha nalo likauke, ndipo unarudi na madoa, mistari na majani, na kwa kuwa rangi yenyewe ni ile ya mafuta inayong'aa, iliyokusudiwa baiskeli, hakuna hatua unayoweza kuiharakisha. Mjomba alikuwa amechora twiga mamia kwa mamia bila kukanyaga hifadhi hata moja ya wanyama. Nilipomuuliza amewaona wapi, alisema aliwaona kwenye picha za mwalimu wake. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, alizaliwa kusini mwa nchi mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, akahamia Dar es Salaam, akaanza kuchora mnamo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Safari zake zilikuwa za kutafuta kibarua, na kwa miaka minne tu ya uchoraji aliacha mtindo unaowalisha watu hadi leo. Nalisema hili mapema ili mleta mada asidhani kwamba asiyesafiri hana kitu cha kuchora.

Safari yangu ya kwanza ya makusudi ilikuwa ya Zanzibar, mwaka 2014. Nilikuwa nimekwama kama yeye, na wenzangu walinishauri nibadilishe mazingira. Nikapanda boti, nikapanga chumba Mji Mkongwe, na kwa siku tisa nikapiga picha za simu kila kilichosimama mbele yangu: milango yenye misumari ya shaba, minyororo na samaki waliochongwa kwenye fremu, mfaa wenye nakshi unaogawa mbao mbili za mlango, ngalawa zikirudi jioni, wapishi wa Forodhani katikati ya moshi. Nilirudi na picha zaidi ya mia nane na furaha tele moyoni. Kwa miezi minne nilichora milango na ngalawa, na lazima nikiri kwamba ziliuzwa, tena haraka, kwa watalii waliokuwa wametoka kuziona zenyewe. Lakini nilipozipanga ukutani niliona kwamba nilikuwa nimebadilisha twiga kwa mlango na mengine yote yako palepale: mpangilio uleule, madoa yaleyale, mkono uleule ukienda ulikozoea. Zanzibar haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekwenda bila kujua ninatafuta nini, nikaishia kukusanya.

Jambo lililokuja kunisaidia lilianza kwa maneno ya mchoraji mwenzangu ambaye, bila nia mbaya, aliniambia kwamba picha zangu zinafanana na mazulia. Yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa siwezi kuacha nafasi tupu. Pembe yoyote iliyobaki wazi niliijaza majani au nukta, mpaka umbo lenyewe likazama. Nikajaribu kwa mwaka mzima kuacha nafasi hizo na nikashindwa, kwa maana picha ilionekana kama haijakwisha na mkono ulirudi wenyewe kuijaza. Kwa hiyo nilipokwenda Kondoa, mkoani Dodoma, kutazama michoro ya kale ya miambani, Juni 2019, nilikuwa nimebeba swali moja tu, nalo ni namna gani umbo linaweza kusimama peke yake.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mahali pa kuanzia ni kijiji cha Kolo, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, ambako unajiandikisha katika ofisi ya mambo ya kale, unalipia na kupewa mwongozaji. Kutoka hapo utahitaji usafiri hadi chini ya mlima, kisha unapanda kwa miguu, na mpando wenyewe si wa kuchezea kwa aliyezoea tambarare za pwani.

Nilipofika chini ya jabali la kwanza sikuona kitu. Niliona mawe yenye madoa mekundu, nikaanza kujilaumu kwa nauli niliyotumia. Mwongozaji, mzee wa Kirangi mwenye subira, aliniambia niketi na nisiguse, kwani jicho linahitaji muda. Baada ya robo saa hivi madoa yakaanza kujitenga: kwanza mguu mrefu, halafu mwili mwembamba kama unyasi, halafu kichwa kikubwa cha mviringo ambacho huenda ni nywele zilizotengenezwa au kinyago, halafu wa pili, wa tatu, na mnyama aliyepita chini yao, kwa sababu waliotangulia hawakufutwa, wachoraji wa baadaye walichora juu yao tu. Kuna kundi moja la watu wanaoshikana mikono ambalo wengine hulitafsiri kuwa tukio la kumteka mtu na wengine kuwa ngoma ya uganga. Mimi sikujishughulisha sana na maana. Kilichonishika ni kwamba hakuna ardhi wanayoikanyaga, wala anga, wala jani moja la kujazia. Kuna mstari mwekundu na kuna mwamba, basi, na wale watu wamesimama.

Nilirudi pale siku tatu mfululizo. Simu niliiacha nyumba ya wageni kwa makusudi, nikaenda na daftari na penseli, na kwa siku hizo tatu nilichora maumbo kumi na moja tu, kila moja mara nyingi. Ukilinganisha na zile picha mia nane za Zanzibar utaona tofauti ninayoizungumzia. Jioni nilikula ugali wa uwele na mlenda kwa mama mmoja aliyekuwa akinishangaa, mtu mzima aliyetoka Dar es Salaam kuja kutazama mawe.

Nisimdanganye mleta mada kwamba nilirudi nikiwa nimefunguka. Wiki tatu za kwanza sikuchora kitu chochote cha maana, na majaribio yangu ya kuwachora wale watu warefu wa Kolo yalikuwa wizi mtupu, tena wizi mbaya. Mambo yalibadilika asubuhi moja nilipokwenda soko la samaki la Feri kununua vibua, mahali ninapopita tangu utotoni na ambapo sikuwahi kupachora kwa sababu nilipaona pa kawaida mno. Niliwatazama wabebaji wakipanda kutoka majini na ndoo kichwani, nikawaona kwa mstari. Nilirudi nyumbani, nikachukua kipande cha hadbodi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikukipaka rangi ya nyuma. Ile kahawia ya ubao wenyewe ikawa ndiyo mwamba wangu. Nikachora wabebaji sita kwa rangi moja nyekundu ya udongo, nikaacha robo tatu ya ubao wazi.

Mjomba alipoiona aliuliza, kwa upole, ni lini nitaimaliza. Picha hiyo ilikaa miezi saba bila mnunuzi, wakati milango ya Zanzibar ikiendelea kuondoka. Hilo nalo mleta mada alijue kabla ya kukata tiketi, hasa kama kuchora ndiko kunakolipa kodi ya chumba chake. Hata hivyo tangu siku ile sijakwama tena kwa namna ile ya zamani; nakwama kwa namna nyingine, lakini huo ni uzi mwingine.

Mchangiaji mmoja hapo juu ametoa mfano wa mchoraji Paul Klee, aliyekwenda Tunisia mwezi wa Aprili 1914 na kurudi akiwa ameimudu rangi. Mfano ni wa kweli, ila haujakamilika. Klee alikuwa na umri wa miaka 34, na kwa miaka mingi alikuwa amehangaika na mstari na kivuli huku rangi ikimkwepa, na safari yenyewe haikufika hata mwezi. Tena aliondoka mapema kuliko wenzake aliosafiri nao, kwa kuwa alichokipata kilikuwa kimemtosha na alitaka kurudi kufanya kazi. Ninavyoona mimi, siku zile chache zisingemfaa kitu kama asingekuwa amebeba lile hangaiko kutoka nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, laki sita yako usiiguse kwanza. Chukua zile picha ulizoziacha njiani, zipange zote ukutani, uzitazame kwa siku kadhaa na uandike kwa sentensi moja kile kinachokuudhi ndani yake. Kama ni mwanga unaokushinda, nenda pwani, hata Bagamoyo inatosha na fedha itabaki. Kama ni umbo, panda basi la Kondoa. Kama sentensi haijapatikana, subiri, au tuwekee hapa picha mbili tatu za hizo ulizoziacha tuzitazame pamoja.