Makato ya NSSF: sheria ya 2013 ilikwama wapi?

Swali: Mimi ni karani wa ghala hapa Shimanzi, mshahara wangu Sh40,000. Mwaka 2022 NSSF, mfuko wa kitaifa wa pensheni hapa Kenya, ilinikata Sh200, sasa ni Sh2,400. Naambiwa sheria yenyewe ni ya 2013. Mbona ilikaa miaka yote hiyo, kisha ikaja kwa kishindo?

Jibu: Hesabu yako ni sawa. Asilimia 6 ya 40,000 ni 2,400, na mwajiri wako anatia kiasi kicho hicho. Zamani nyote wawili mlitoa Sh400 kwa mwezi, yaani Sh4,800 kwa mwaka mzima. Leo hizo zaingia kwa mwezi mmoja. Chukua Sh400 kwa miaka 30: ni Sh144,000 kabla ya faida yoyote. Mzee hawezi kulipia chumba na kula Likoni kwa akiba hiyo.

Kikwazo ni kwamba makato yanauma leo, mafao yako mbali, na kura hupigwa kila miaka mitano. Anayepandisha makato hulaumiwa na kila mwenye mshahara. Mwajiri wa watu mia naye hulipa sehemu yake mara mia, na ana wakili. Kijana atakayestaafu miaka 30 ijayo hana wa kumsemea.

Sheria ilipoanza Januari 2014 ilizuiwa mahakamani. Septemba 2022 mahakama ya leba ikaibatilisha, sababu moja ikiwa haikupitia Seneti. Ndiyo gharama ya kuruka hatua: mpinzani hakuhitaji kupinga pensheni yenyewe, alitosheka na kasoro ya utaratibu. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo, makato yakaanza papo hapo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikairudisha kesi Rufaa.

Kuhusu kishindo, kikomo cha mshahara unaokatwa kilipanda hatua kwa hatua: Sh18,000 mwaka 2023, 36,000 mwaka 2024, 72,000 mwaka 2025. Wewe ukatoka 1,080 ukaenda 2,160, kisha 2,400. Hapo umefika, makato yako hayatapanda tena kwa sababu ya kikomo hadi mshahara wako upande. Lakini ngazi hizo zilitakiwa kupandwa tangu 2014. Kwa kuchelewa, zimekutana na SHIF, mchango wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, Sh1,700 nyingine kwako. Hasira ya makato matatu imeiangukia pensheni, ambayo ndiyo pekee kati ya hayo iliyoandikwa kwa jina lako.

Kwa hivyo ifuatilie. Itisha taarifa ya akaunti yako na utazame kila mwezi: jumla iwe Sh4,800. Ukiona 2,400 tupu, sehemu ya mwajiri haijafika. Ukiona pungufu ya hapo, usikimbilie kushtaki. Muulize kwanza mhasibu kama mchango wa daraja la pili, yaani ule wa sehemu ya mshahara iliyo juu ya kikomo cha chini, unapelekwa kwa mfuko mwingine ulioidhinishwa na RBA, mdhibiti wa mifuko ya pensheni, maana sheria inaruhusu. Daraja la kwanza lazima libaki NSSF. Akikujibu ndiyo, mwambie akupe jina la mfuko huo na nambari yako ya uanachama kwa maandishi.