Bustani ya Sanamu ya Oslo: Niende na Mama?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni msomaji wenu wa Kisauni, Mombasa. Mwanangu anasoma Oslo, nchini Norwe, na Julai hii nitamtembelea pamoja na mama yangu mwenye miaka 71. Mwanangu anataka kutupeleka Bustani ya Vigeland, lakini nasikia sanamu zake ni za watu walio uchi. Je, yafaa kumpeleka mama, na twende saa ngapi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Uliyoyasikia ni kweli. Sanamu hizo zaidi ya 200, za shaba na za itale, ni kazi ya mchongaji mmoja, Gustav Vigeland (1869–1943), na karibu zote hazina nguo. Usimfiche mama. Mweleze mapema ili aamue mwenyewe, kwa kuwa mzee aliyezoea milango ya Mji wa Kale, ambayo mafundi waliipamba kwa maua na minyororo badala ya umbo la mtu, hastahili kushtukizwa mbele ya mjukuu wake.

Akiridhia, naamini atazielewa sanamu hizo kuliko ninyi nyote. Darajani zimesimama 58 za shaba, miongoni mwao mtoto mdogo anayepiga mguu chini kwa hasira, kama mjukuu yeyote aliyenyimwa kitu. Mbele zaidi, juu ya ngazi, kuna nguzo ya jiwe moja yenye urefu wa zaidi ya mita 14, ambayo mafundi watatu waliichonga kwa takriban miaka 14 hadi ikawa na watu 121 waliokumbatiana kuelekea juu. Makundi 36 ya itale yanayoizunguka yanaonyesha maisha tangu utotoni hadi uzeeni. Hapo msiwe na haraka, kwani wazee waliochongwa humo wamepewa heshima ileile waliyopewa vijana.

Kuhusu saa, nendeni baada ya swala ya alasiri. Mwanzoni mwa Julai jua la Oslo huzama yapata saa nne na nusu usiku, hivyo mtakuwa na muda mrefu kabla ya magharibi, nayo mawe huonekana vizuri zaidi jua linapolala. Kiingilio hakuna, na bustani huwa wazi usiku na mchana. Mama avae viatu vya kutembelea, maana kutoka langoni hadi mwisho ni kama mita 850, na achukue sweta, kwa kuwa jioni za huko huwa na baridi kuliko Julai yetu ya kusi.