Kukata mshahara wa wote kwa sababu ya upotevu stoo, mkuu usifanye

Mkuu nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa hapa Mbeya, vijana sita, kila mwisho wa mwezi stoo haibalansi, umefoka mpaka umechoka na sasa unataka uwakate wote mshahara sawasawa ili watajane wenyewe. Mimi nimesimamia vijana wa mashine za kupasua mbao kule Mafinga, zile dingdong, na sasa hivi naendesha duka la mtu huku Uyole, biashara kama yako tu, ndo maana nimeona nikujibu kwa urefu.

Usiwakate. Na wala sio huruma. Ukikata wote, yule mwizi anakatwa elfu ishirini wakati ameshatoka na laki, na yule asiyeiba anagundua kwamba kuiba na kutokuiba gharama ni ileile. Hawatatajana hao, watagawana.

Alafu hata sheria haiko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukitaka kumkata mtu fidia ya hasara lazima iwe ni kosa lake yeye akiwa kazini, umpe kwa maandishi sababu na hesabu umeipataje, umpe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sasa wewe hujui hata ni nani, utaandika nini kwenye hiyo karatasi?

Na je una uhakika ni wizi? Nauliza kwa sababu umesema vinavyopungua ni misumari, waya na simenti. Misumari unanunua boksi zima alafu unauza robo kilo robo kilo, kila kipimo kijana anadondosha misumari miwili mitatu ya ziada mzani ushuke mteja aridhike, fanya hivyo mwezi mzima uone kilo ngapi zimeondoka bila mtu kuweka kitu mfukoni. Waya wa kupima kwa mita ni hivyohivyo. Simenti ndo usiseme, mfuko ukichanika wakati wa kushusha na wewe ni mtu wa kufoka mbele za wateja, kijana atausukuma nyuma kabisa ya rundo utaukuta umeshakuwa jiwe. Hapo umeandika umeibiwa kumbe umefichwa. Hilo la kufoka naomba ulitafakari, maana mtu anayekuogopa hakuletei habari mbaya, na wewe unaendesha duka kwa habari mbaya zinazokufikia mapema.

Kwa hiyo anza na kuhesabu kila Jumamosi jioni, sio mwisho wa mwezi. Mwezi ni mrefu mno, hakuna anayekumbuka kilichotokea tarehe 4. Hesabuni wawili wawili na wabadilishane, vitu vinavyotoka kwa kasi tu, na kuwe na daftari la vilivyoharibika ambalo mtu akiandika haulizwi kwa ukali. Misumari iwekee kiwango cha kupungua kwenye mzani mnachokubaliana. Kitakachozidi hapo ndo uanze kukitafuta, na utajua ni zamu ya nani.

Umesema pia unafikiria kuwalipa kamisheni kwa mauzo. Taratibu hapo. Mafinga kuna bosi alikuwa analipa kwa idadi ya mbao, aisee vijana walipasua kama wamepagawa, ila mbao ya inchi mbili kwa nne inatoka huku nene huku imekonda, wanunuzi wanaikataa, mzigo unalala uwanjani unageuka rangi. Aliwagombeza sana, haikusaidia kitu kwa sababu pesa ilikuwa inawaambia wakimbie. Alipobadilisha akawa analipa mbao iliyopita kwenye kuchagua tu, na opereta mwenyewe amesimama pale anaona, zikanyooka bila kelele. Kwako kamisheni ya mauzo itafanya watu wakopeshe hovyo na washushe bei. Kama unataka motisha iwekee kwenye hesabu ya Jumamosi kutimia, wagawane wote.

Kingine ni masaa. Unafungua saa moja na nusu asubuhi unafunga saa kumi na mbili na nusu jioni siku sita, toa lisaa la chakula bado ni masaa 60 kwa wiki. Kawaida ni 45, ya ziada unalipa mara moja na nusu, na ya ziada yenyewe hayatakiwi kuvuka 50 ndani ya wiki nne, wewe una 15 ya ziada kila wiki, kwa wiki nne ni 60. Gawanya zamu, wengine waingie saa tatu. Mtu aliyechoka kuanzia saa tisa hahesabu vizuri hata kama ni mwaminifu kama nini.

Hilo la vijana kupotea kazini mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili wala lisikushangaze, mvua za huku ni msimu mmoja na mtu asipopanda mahindi wakati huo ndo imetoka hiyo. Likizo yao ni siku 28, wapangie kwa zamu kuanzia sasa, yupi wa Rungwe aende lini na yupi wa Chunya lini. Wakijua siku zao hawatasingizia msiba wa bibi kila mwaka.

Mwisho, funguo anakaa nazo mpwa wako na umesema yeye hahesabiwi kwa sababu ni damu yako. Mkuu, hao sita wanaliona hilo kila siku. Muweke kwenye zamu ya kuhesabu Jumamosi hii hii, awe wa kwanza, na dada yako mpigie kabla asije akasikia kwa mwingine. Ukishapata hesabu za wiki tatu nne hivi weka hapa tuziangalie, usifukuze mtu kabla ya hapo, maana ukimfukuza bila ushahidi ana siku 30 za kukupeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na hapo utalipa zaidi ya hiyo misumari.