Ultrasaundi tatu, tarehe tatu, na mume ameanza kunishuku

*Shangazi, ultrasaundi ya wiki ya 9 ilinipa tarehe ya kujifungua 10 Oktoba. Ya wiki ya 21 ikasema 15 Oktoba. Juzi, wiki ya 34, nimeambiwa 28 Oktoba. Mume wangu alisafiri 29 Januari. Wifi amehesabu kurudi nyuma, anasema mimba iliingia kaka yake akiwa hayupo. Nimechoka kulia.*

Mwanangu, futa machozi ushike kadi ya kliniki. Tarehe yako ni 10 Oktoba, na mtaalamu hapaswi kuibadilisha sasa.

Kabla ya wiki ya 14 mtoto hupimwa urefu, kutoka utosini hadi makalioni. Umri huo watoto wote hukua karibu sawa, kwa hiyo kipimo hukosea siku 5 hadi 7 tu. Baadaye hupimwa kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha mashine inalinganisha na mtoto wa wastani. Lakini kufikia wiki ya 34 kuna wanene na wembamba, na umri unaosomwa unaweza kupotoka wiki 3 mbele au nyuma. Mashine haijui mimba iliingia lini. Inaona mtoto mdogo, inaandika umri mdogo.

Sasa tuhesabu vizuri kuliko wifi. Mimba huingia takriban siku 266 kabla ya tarehe ya kujifungua. Kutoka 10 Oktoba unafika 17 Januari. Ongeza au punguza wiki moja, bado mumeo yuko nyumbani. Mwambie aje kliniki aelezwe mwenyewe. Baba ni nani, ultrasaundi haijibu. Hilo ni la DNA, na kuipima au kutoipima ni uamuzi wenu wawili, si wa wifi.

Kinachonishughulisha mimi ni kingine. Tofauti ya siku 18 huenda ni kosa la kipimo tu, au mtoto ni mdogo kwa maumbile. Huenda pia hakui inavyotakiwa, na ukikubali kusogezewa tarehe, tatizo hilo litafichika. Nenda na karatasi zote tatu. Uliza uzito uliokadiriwa, ukijua nao hukosea hata asilimia 15: kilo 2 inaweza kuwa 1.7 au 2.3. Uliza maji ya uzazi yakoje, na kama wanaweza kupima mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu cha mtoto kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Kisha ukuaji upimwe tena baada ya wiki 2 hadi 3, ikiwezekana kwa mpimaji yule yule. Ukirudia baada ya siku nne utapata makosa ya vipimo, si ukuaji.

Shinikizo la damu lipimwe kila uendapo. Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri miadi wala ultrasaundi nyingine: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.