Maswali Yenu: Sarafu za Fedha na Cheni za Dhahabu Kwenye Gereji Seli

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nipo Marekani, kila Jumamosi nazunguka kwenye gereji seli (watu wanauza vitu vyao vilivyotumika nyumbani kwao), naona wenzangu wanaokota sarafu za madini ya fedha (silva) na dhahabu kwa bei ya kutupa, mi naishia kubeba masufuria. Juzi nimepata cheni imeandikwa 14K GF nikajua leo ndo leo, nikalipa dola 40, sonara kaitazama kidogo tu akanirudishia. Wenzangu wanajuaje?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Pole sana dada, hizo herufi GF ndo zimekuponza. Maana yake ni "gold filled", yaani shaba au metali nyingine ya bei rahisi iliyovishwa ganda la dhahabu juu, na kwa kawaida hilo ganda ni sehemu 1 kwa 20 ya uzito wote. Piga hesabu: cheni ya gramu 10 ya 14K halisi ina dhahabu safi gramu 5.85, yako ya GF ya uzito huohuo ina kama gramu 0.29 hivi, sasa sonara afanye nayo nini? Ukiona GF, RGP, HGE au GP, zote ni alama za kitu kilichovishwa dhahabu juu tu, vaa upendeze lakini usilipe bei ya dhahabu.

Unachotafuta ni namba peke yake: 417 ni karati 10 (10K), 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Kwenye pete angalia kwa ndani, kwenye cheni angalia kibati kidogo karibu na kifungo, hereni angalia kwenye kijiti kinachopita sikioni. Beba lenzi maana chapa yenyewe ni ndogo mno na mara nyingi imesagika. Sumaku nayo beba, lakini ielewe vizuri, kitu kikinasa sio dhahabu, kisiponasa bado hujathibitisha chochote kwa sababu hata shaba hainasi, halafu kifungo cha cheni halisi kinaweza kunasa maana ndani kuna springi ya chuma, wengi wamerudisha mali mezani kwa sababu hiyo tu. Jaribu sumaku kwenye cheni yenyewe.

Na usikimbilie yale yaliyopangwa vizuri kwenye sahani, mwenye nyumba keshayachambua hayo. Mimi ningeanza na boksi la vilivyokatika, hereni moja isiyo na mwenzake, cheni iliyofungana mafundo, kwa sababu watu hudhani kikivunjika thamani imeisha wakati dhahabu inauzwa kwa uzito.

Sarafu ndo rahisi zaidi. Senti 10, robo dola na nusu dola za Marekani zenye mwaka 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90. Huna hata haja ya kusoma mwaka, simamisha sarafu utazame ukingo wake: za sasa zina mstari wa rangi ya shaba, za zamani ni nyeupe tupu. Robo dola ya fedha ina gramu 6.25, ya sasa 5.67, kimizani kidogo cha mfukoni kinakuonyesha palepale. Robo 4, yaani dola 1 kwa maandishi, zina fedha safi gramu 22.5, zizidishe kwa bei ya gramu ya siku hiyo kwenye simu yako kabla hujataja bei.

Wengi wanapitwa na mbili hizi: nusu dola yenye sura ya rais Kennedy ya 1965 hadi 1970 ina fedha asilimia 40, na senti 5 za wakati wa vita, kuanzia katikati ya 1942 hadi 1945, zina asilimia 35 kwa sababu nikeli ilikuwa inahitajika jeshini. Hizo zina herufi kubwa P, D au S juu ya kuba la jengo lililochorwa upande wa nyuma wa sarafu.

Muuzaji akikuuliza kama ni dhahabu mwambie ukweli, tafadhali. Kuna wazee wanauza vitu vya marehemu na hawajui walichonacho, na kumdanganya mtu wa namna hiyo ni dhuluma.

SWALI: Nimepata sarafu za fedha zimekuwa nyeusi, nizisugue na dawa ya meno?
Msomaji mwingine

JIBU: Hapana, usiziguse kabisa! Dawa ya meno inakwaruza, na mkusanyaji akiona mikwaruzo anashusha bei sana hata kama sarafu ni adimu. Kama unaziuza kwa uzito tu, huko weusi hauna shida, zinaenda kuyeyushwa, zipeleke hivyohivyo.