"Grapple" imetoka wapi?

Ni neno la Kiingereza, maana yake kukamatana au kupambana. Unaweza kudhani imetokana na "grab" (kunyakua), lakini la, haikutokana nayo. Hiyo ni ya Kiholanzi au Kijerumani cha zama za kati, sauti tu zimekaribiana. "Grapple" ilianza kama nomino, kutoka Kifaransa cha kale "grapil", kulabu ndogo. Mabaharia waliirusha ikiwa na kamba kwenye meli ya adui, ikinasa wanavuta mpaka mbavu za vyombo zigusane, ndipo wanarukia upande wa pili. Tazama nanga ya makucha manne ya mashua, umbo karibu ni lile lile. Karne ya 16 ikawa kitenzi, kisha ikahamia kwa watu: kukamatana maungoni kama kwenye mieleka. Ngumi hazimo. Ukimaanisha kupambana na matatizo, lazima uongeze "with": "grapple with".