"Mad": amekasirika au amerukwa na akili?

Barua za safari hii nyingi zimeangukia neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu tu. Nimechagua tano.

Binamu yangu yuko Marekani. Nilichelewa kumjibu ujumbe, akaniandikia "Are you mad?" Leo siku ya pili simsemeshi. Kanitukana?

Hajakutukana, msamehe. Mmarekani akiuliza hivyo, mara nyingi anataka kujua kama umemkasirikia. Angekuwa Mwingereza ungekuwa na haki ya kununa, kwa sababu kwao swali hilohilo linahoji akili zako, sawa na mtu wa Dodoma kukuuliza umetoka lini Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ila kwa hizo siku mbili za kimya, binamu yako jibu keshalipata.

Mwalimu wetu anasema "mad" kwa maana ya hasira ni Kiingereza kilichoharibiwa na Wamarekani. Kweli?

Mwalimu wako ana wenzake wa kale. Mwaka 1781 John Witherspoon, mchungaji Mskoti aliyekuwa mkuu wa chuo ambacho leo ni Princeton, aliliweka neno hili kwenye orodha ya makosa ya Wamarekani. Wote wawili wamekosea. Maana ya hasira ilikuwepo Uingereza tangu Enzi za Kati, kabla Marekani haijawa nchi.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 26 katika Biblia ya King James ya mwaka 1611. Kwenye mstari wa 11 Paulo anakiri alivyowatesa waumini, akiwa "exceedingly mad against them". Wafasiri wa Union Version ya Kiswahili hawakutaka kupoteza kitu, wakaandika hasira "kama mwenye wazimu", yote mawili kwa mpigo. Shuka mpaka mstari wa 24: Festo, liwali wa Kirumi, anamkatiza Paulo kwamba kusoma kwingi kumemharibu akili, na "mad" ya hapo ni wazimu mtupu. Sura ni moja na neno ni lilelile. Baadaye Waingereza wengi waliipa kisogo ile maana ya hasira, Wamarekani wakabaki nayo. Kwa hiyo anayelaumiwa kwa kuharibu ndiye aliyetunza cha babu.

Niseme "mad at" au "mad about"?

Ukimkasirikia mtu, "mad at". "Mad about" ina mitego: "mad about the price" kwa Mmarekani ni kukasirishwa na bei, lakini "mad about him" ni kupagawa na mapenzi. Ukiwa na shaka tumia "angry", hilo halina utata ng'ambo zote mbili za bahari. Kwenye barua ya ofisini pia andika "angry", maana "mad" ya hasira ni lugha ya nyumbani. Na "madness" usiitumie kabisa kwa hasira. Hiyo ni wazimu tu.

Kwa Kiswahili tuifasiri vipi?

"Amekasirika" inatosha. "Ameghadhibika" ni nzito mno, na aliyepandwa na mori ni "furious". Watu wa pwani wangesema "amechukia", na hapo tunarudi kulekule kwa binamu: ukimwambia mtu wa bara kwamba mama amechukia, anaweza kudhani mama hataki tena kumwona, kumbe kakasirika tu na kufikia jioni yameisha. Kwa hiyo tusiwacheke sana Waingereza na Wamarekani. Hata "anger" yenyewe ilitoka kwa Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, na kwao "angr" ilikuwa huzuni na majonzi.

Kwa nini kuna "mad cow disease"? Ng'ombe alikasirishwa na nani?

Hakukasirishwa na mtu. Ni ugonjwa wa ubongo uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, nasi twauita kichaa cha ng'ombe. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa mwingine, ingawa mbwa mwenye nacho huitwa "mad dog".

Nyongeza ambayo hakuna aliyeiuliza: wengi wetu hutamka "mad" sawasawa na "mud", yaani tope. Kwa "mad" sukuma ulimi mbele na upanue mdomo, sauti ikae kati ya a na e. Usipofanya hivyo utamwambia bosi kwamba wewe ni tope, naye asikubishie.